Mpira wa Moto Kikuubo: Kila Ghorofa na Duara Lake

Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, ulizaliwa kutokana na michezo ya vita ya vinyago, na urithi wake mkubwa ni meza bapa. Hadi leo ramani hugawanywa kwa miraba ya futi 5, na uchawi unaoshika eneo huchorwa kama doa sakafuni. Kimo husahaulika.

Pambano likiwekwa Kikuubo, Kampala, kasoro hiyo haifichiki. Katika vichochoro hivi vya maduka ya jumla, mpagazi anapenya na katoni kichwani huku juu yake biashara ikiendelea ghorofani. Kwenye ramani, mpagazi na muuzaji aliye juu yake wako mraba mmoja. Uchawi wa mpira wa moto ukilipuka, nani anaungua?

Mpira huo ni tufe lenye nusukipenyo cha futi 20. Ukilipukia usawa wa njia, duara la chini lina nusukipenyo cha futi 20. Kwenye kimo cha futi 12, duara limepungua hadi futi 16. Kwenye futi 16, limebaki 12. Muuzaji aliye umbali wa futi 18 anaungua akiwa chini, lakini akiwa ghorofa ya kwanza, futi 12 juu, amesalimika. Ramani bapa ingemuua bure.

Hesabu ya mshazari nayo ina uzito. Toleo la mchezo la mwaka 2008 lilihesabu kila hatua ya mshazari kuwa mraba mmoja. Kwa kipimo hicho tufe letu linageuka mchemraba wa futi 40 kila upande: futi za ujazo 64,000 badala ya takriban 33,500. Toleo la 3.5 la mwaka 2003, lililohesabu kila mshazari wa pili kuwa miraba miwili, liko karibu zaidi na ukweli.

Zipo pia kuta. Kanuni za mwaka 1978 ziliutaka moto ujaze nafasi ya takriban futi za ujazo 33,000. Katika ujia uliofungwa, wenye upana na kimo cha futi 10, ungetambaa futi 330 na kuwarudia waliourusha. Toleo la mwaka 2014 liliuruhusu kupinda kona, ila usivuke nusukipenyo chake. Nauunga mkono uamuzi huo: unaheshimu kuta bila kusimamisha mchezo kwa hesabu.

Kwa hiyo anayeongoza mchezo aandike kimo cha kila ghorofa na duara lake kabla ya pambano, na karatasi hiyo iwekwe mezani wote waione. Mchezaji aliyetumia jioni nzima kumlinda mhusika wake anastahili kujua mapema moto utamfikia wapi. Akifa, afe kwa kanuni aliyoijua.