Impakti ya betri shambani: iache ifungue nati, kukaza malizia kwa mkono

Msimu wa kuandaa mashamba unakaribia, na katika kuzunguka vijijini nimeona vikundi kadhaa vyenye pawatila na matrekta vimenunua ile mashine ya betri ya kufungulia nati, ambayo mafundi wetu wanaiita impakti. Mimi siipingi hata kidogo. Aliyewahi kurukaruka juu ya spana akijaribu kufungua nati ya tairi iliyoshika kutu, jua la saa saba kichwani, anajua thamani yake. Tatizo ni kwamba mafunzo ya dukani ni mafupi mno: weka betri, bonyeza, basi.

Halafu baada ya miezi michache naulizwa: "Bwana shamba, mbona boliti za tairi za tela zinakatika ovyo siku hizi? Au ni feki?" Feki zipo, sikatai. Lakini ukiuliza zilikazwa na nani, jibu mara nyingi ni lile lile: kijana alizipiga impakti mpaka mashine ikanguruma. Na tela hilo hilo jioni linabeba magunia na watu juu yake.

Kwanza tujue inavyofanya kazi. Ndani ya mashine kuna kipande cha chuma kinachozunguka, tukiite nyundo, na kingine kinachopigwa, tukiite fuawe. Fuawe ndiyo inayoshika soketi. Nati ikiwa laini, vyote viwili vinazunguka pamoja kama drili ya kawaida. Nati ikigoma, nyundo inarudi nyuma kwenye springi, inaruka na kuigonga fuawe kwa pembeni, tena na tena, mara elfu mbili hadi tatu na zaidi kwa dakika. Ndiyo ule mlio wa "trrrrr". Kwa sababu ni vipigo na siyo msukumo mmoja, mkono wako hausikii nguvu inayokwenda kwenye nati. Ukikaza kwa spana, mwili wenyewe unakuambia sasa inatosha. Impakti haikuambii kitu.

Ziko za aina mbili. Ndogo yenye tundu la pembe sita la robo inchi ni ya skrubu. Kubwa yenye kichwa cha mraba, mara nyingi nusu inchi, ni ya nati na boliti. Hata ile ndogo usiidharau.

Sasa tupige hesabu kidogo. Nguvu ya kukaza inapimwa kwa Nm. Ukishika spana yenye urefu wa sentimita 25 na kuisukuma kwa uzito wa kama kilo 20, umekaza kwa Nm 50 hivi. Hiyo inakaribia kipimo cha boliti ya milimita 10 yenye alama ya 8.8 kichwani. Boliti ya milimita 12 ya alama hiyo hiyo inataka kama 85, na ya milimita 16 kama 210. Impakti ndogo ya skrubu, nyingi zinatoa Nm 150 hadi 200. Kubwa ya kati inatoa 400 na kuendelea, na zipo zinazopita 1,000. Kama unataka picha yake, chukua bomba la mita moja, lifunge kwenye nati, kisha uning'inize mfuko wa mbolea wa kilo 50 kwenye ncha yake. Hiyo ndiyo Nm 500. Ungekubali kumwona mtu akikaza boliti ya milimita 12 kwa namna hiyo?

Boliti inashika kwa sababu ukiikaza inavutika kidogo, kama springi, na kutaka kurudi. Ikivutwa kupita kiasi hairudi tena. Inabaki imerefuka, nyuzi zimeharibika, na kwa macho inaonekana nzima kabisa. Nati inaanza kulegea yenyewe barabarani, tairi linacheza, boliti ya kwanza inakatika, na mzigo wake unahamia kwa wenzake. Zikifuata mbili tatu, tairi linatoka.

Kwa hiyo utaratibu ninaoufundisha kwenye vikundi ni huu. Impakti ifungue nati. Wakati wa kurudisha, anza kila nati kwa vidole, izunguke angalau mara tatu bila kulazimisha, ndipo ujue haikupanda nyuzi. Unaweza kuiharakisha kwa impakti ikiwa kwenye nguvu ndogo, lakini achia mara tu nati inapogusa rimu. Baada ya hapo weka impakti chini. Shusha jeki mpaka tairi liguse ardhi, kisha malizia kwa mkono ukienda kwa kuvuka: nati hii, halafu ya upande wa pili, siyo kuzunguka kwa mfuatano. Kikundi chenye trekta kinunue spana ya toki, ile inayopima nguvu, na kifuate kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Bei yake inauma kidogo, ila tairi la trekta likitoka linauma zaidi. Usipake grisi wala oili kwenye nyuzi za boliti za tairi isipokuwa kitabu kimesema hivyo, maana zikiteleza utazivuta kupita kiasi bila kujua. Na baada ya saa moja ya kazi, au safari ya kwanza yenye mzigo, simama uzikague tena.

Nati iliyoganda kwa kutu je? Piga brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegezea, subiri. Kusubiri ndiyo dawa yenyewe, hata usiku mzima. Kisha gusa kidogo upande wa kukaza, halafu rudisha upande wa kufungua. Kama haijatikisika ndani ya sekunde kumi hivi, acha. Kuendelea kubonyeza kunachemsha mota na kuiviringa nati mpaka inakuwa duara. Tafuta spana yenye mpini mrefu. Na hapa naomba tuelewane vizuri: usichome moto nati za tairi likiwa limefungwa mahali pake. Rimu ikipata moto, mpira wa ndani unaanza kuungua na kutoa gesi, na tairi linaweza kulipuka baadaye, hata moto ukishazimwa. Kulipuka kwa tairi la trekta kunaua.

Soketi nyeupe siyo za kazi hii

Soketi zinazong'aa kama kioo ni za spana ya mkono. Chuma chake ni kigumu lakini hakivumilii kugongwa. Zinaweza kupasuka na kurusha vipande. Za impakti ni nyeusi, nene zaidi, zimetengenezwa kwa chuma kinachonyumbuka kidogo. Nunua chache tu za namba unazotumia, 17, 19, 24 na ile ya tairi zako. Zivae mpaka ndani na ziwe za pembe sita. Kabla ya kubadilisha soketi, chomoa betri, au angalau weka swichi ya kwenda na kurudi katikati ili kitufe kijifunge.

Miwani ya kazi ni lazima, kutu inayoruka haichagui jicho. Ziba masikio pia, hasa ndani ya banda la bati, kwa sababu mashine hizi zinapiga kelele za kuharibu usikivu na uharibifu huo haurudi. Kanga, mikono mirefu inayoning'inia na nywele ndefu vikae mbali. Ganzi ya vidole baada ya kazi ndefu ni dalili ya mtikisiko, pumzika, msipokezane kimya kimya huku mmoja anaumia.

Zaidi ya yote, wanaobadilisha visu vya rotaveta na sahani za haro: zima injini, chomoa ufunguo, shusha kifaa chini. Kama ni lazima kiwe juu, weka magogo imara chini yake. Haidroliki peke yake siyo ya kuaminiwa. Mpira mmoja ukipasuka, haro nzima inakushukia. Mtikisiko wa impakti nao unaweza kutelezesha jeki iliyowekwa kwenye udongo laini.

Na ile mashine ya kufyekea nyasi: nati ya kisu chake kwa kawaida ina nyuzi za kushoto, yaani inafunguka kwa kuzungusha upande ambao nyingine zinakaza. Wengi wanaiharibu kwa kuikaza wakidhani wanaifungua. Hiyo itumie spana ya mkono iliyokuja nayo.

Kwenye bati za banda

Hapa impakti ndogo ni rafiki, lakini bado ina haraka kuliko wewe. Skrubu za bati zina washa ya mpira ya kuzuia maji. Ukibonyeza mpaka mwisho, mpira unabanwa mpaka unapasuka au kutoka pembeni, bati linabonyea, na mvua ya kwanza inapita hapo hapo juu ya mahindi yako. Tumia mwendo mdogo, achia pale mpira unapoanza tu kuvimba pembeni ya washa. Kipande cha kuingizia skrubu kinapata moto sana, usikishike kwa vidole.

Betri

Hizi ni betri za lithiamu. Ndani ya betri ya kawaida ya mashine hizi mna seli tano zilizopangwa mfululizo, kila moja ina volti 3.6, jumla 18. Zikijaa zinafika kama 21. Kwa hiyo 18 ya kampuni moja na 20 ya nyingine ni kitu kile kile. Na zile zilizoandikwa 88V au 188V kwa maandishi makubwa? Geuza chaja usome. Ukikuta inatoa volti 21, basi umenunua ya volti 21, namba ile kubwa ni ya kupendezesha boksi.

Chaji betri ikishapoa, mahali penye kivuli na hewa, na uwepo karibu. Usiichaji kwenye stoo yenye petroli, majani makavu au mbolea, na usiiache imechomekwa usiku kucha mmelala. Isiachwe kwenye dashibodi ya gari wala juu ya boneti ya trekta, joto linaizeesha haraka. Wanaotumia sola, kuweni makini na inveta za bei ya chini, umeme wake mchafu unaharibu baadhi ya chaja. Soma kwanza maelekezo. Betri iliyovimba, iliyopasuka au kuzama kwenye maji isichajiwe tena, itoe nje ya nyumba. Kuifungua na kubadilisha seli mtaani siishauri. Seli mpya ikichanganywa na nzee zinajaa kwa viwango tofauti, na moto wa lithiamu hauzimiki kirahisi. Kama msimu umeisha, hifadhi betri ikiwa na chaji nusu, nje ya mashine, na uiangalie kila baada ya miezi michache.

Usafi ni kazi ndogo. Chomoa betri, piga brashi kavu kwenye matundu ya hewa, futa kwa kitambaa. Petroli na thina vinakula plastiki. Vumbi letu jekundu likijaa kwenye matundu, mota inakosa hewa na kuungua. Zenye brashi za kaboni, moto ukizidi kuonekana ndani au nguvu ikikatika-katika, brashi zimeisha. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Zisizo na brashi hazina kazi hiyo. Mlio ukibadilika na kuwa wa chuma kwa chuma, au kichwa kikapata moto haraka kuliko zamani, grisi ya kwenye nyundo imekauka, mpelekee fundi aifungue. Mwisho angalia kile kipete kidogo kwenye kichwa cha mraba kinachoshika soketi. Kikilika, soketi inadondoka yenyewe, na ikiwa mashine inazunguka haidondoki chini, inaruka. Kipete chenyewe ni cha bei ndogo, tafuta cha akiba kabla trekta halijaingia shambani.