Uzamili wa Historia ya Sanaa: "sanaa" ipi?

Taasisi ya Courtauld ya London, iliyoanzishwa mwaka 1932, hutunuku shahada ambayo mfasiri wa mazoea ataiandika hivi: Shahada ya Uzamili ya Sanaa katika Historia ya Sanaa. Neno sanaa limetokea mara mbili, kwa maana mbili tofauti.

La kwanza lafasiri artes za Kilatini, yaani masomo saba ya vyuo vikuu vya Ulaya katika Zama za Kati: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Uchoraji na uchongaji havikuwamo. Vilihesabiwa kuwa kazi za mikono. La pili ndilo analosomea mwanafunzi: michoro, sanamu, majengo.

Kiarabu, kilichotupa neno lenyewe, huita sanaa ya mchoraji fann. Nasi tunalo, fani, ila wahakiki wamekwisha kulifunga katika "fani na maudhui".

Utata huu una gharama. Mwenye uzamili wa sosholojia hudhaniwa msanii. Mwanahistoria wa sanaa huulizwa amechora nini, ilhali kazi yake ni kuchunguza vilivyochorwa na wengine. Afadhali kuandika Shahada ya Uzamili katika Historia ya Sanaa, na kifupisho M.A. kibaki kama kilivyo chetini. Wapo wasemao umahiri badala ya uzamili. Si kosa, mradi uzamili usichanganywe na uzamivu, ambao ni ngazi ya udaktari.