Tarehe Iliyofichwa Ndani ya Picha

Marehemu mama yetu, Mola amrehemu, alitutembelea Thika mara mbili tu. Mara zote alikuja kwa Idd, akitoka Mombasa kwa basi, na safari ya pili alikuwa tayari amedhoofu. Mwaka huu dada yangu aliziomba picha za safari hizo ili awaandalie wajukuu kitabu chenye mpangilio wa miaka. Nilipoifungua kompyuta, nilikuta picha zote zina tarehe moja, yaani siku ambayo fundi alizihamisha kutoka kompyuta kuukuu. Mama mwenye nguvu zake na Mama anayeegemea mkongojo walikuwa wa siku moja.

Kumbukumbu hazikutufaa. Dada alishikilia kwamba ilikuwa Juni, nami nikakubali, lakini Juni ipi? Idd hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Idd-ul-Fitri ya 2017 tuliisali tarehe 26 Juni, na ya 2018 tarehe 15 Juni.

Aliyetutoa katika dhiki hiyo ni binti yangu. Alinieleza kwamba picha ya kidijitali ina tarehe mbili. Moja ni ya faili, nayo ni kama muhuri wa posta juu ya bahasha: faili likihamishwa au kupakuliwa, yaweza kubadilika. Ya pili imo ndani ya picha, imeandikwa na kamera yenyewe wakati wa kupiga. Utaratibu huo huitwa Exif, nao ulitolewa Japani mwaka 1995. Kunakili faili hakuifuti tarehe hiyo.

Alitumia ExifTool, programu ya bure iliyotungwa na Mkanada Phil Harvey. Kwanza alinakili picha zote kwenye diski nyingine (asiyefanya hivyo asije akamlaumu mtu), kisha akaandika amri moja, ambayo mwishoni mwake huwekwa jina la folda:

exiftool "-FileModifyDate<DateTimeOriginal" picha

Kwa muda mfupi tarehe za ndani zikahamia nje, na picha zikajipanga.

Si zote, lakini. Zile tulizotumiwa kwa WhatsApp hazikuwa na kitu ndani, kwani huduma hiyo huondoa maelezo hayo. Tulisaidiwa na majina yao: IMG-20180615-WA0007 hubeba mwaka, mwezi na siku picha ilipopita kwenye simu, ingawa si lazima iwe ndiyo siku iliyopigwa. Kamera ndogo ya shemeji nayo ilidai kwamba tulisali Idd mwezi wa Januari 2008. Betri yake ilikwisha, saa ikarudi mwanzo. Hapo tungeinakili tarehe ya ndani bila kufikiri, tungeandika uongo. Ila tulijua Mama alivaa buibui jipya siku ya Idd ya kwanza, basi binti akahesabu tofauti na kuzisogeza mbele picha zote za kamera hiyo kwa kipimo kile kile.

Picha ya mwisho katika mpangilio ni ya tarehe 15 Juni 2018, saa kumi na dakika kumi alasiri. Mama ameketi karibu na maporomoko ya Chania, mkongojo umelazwa kando, naye anacheka. Alikuwa akituuliza ni nani aliyeyaacha maji matamu yote hayo yamwagike.