Makundi Matatu ya Antibiotiki: Kwa Nini Dawa Kali Zaidi Si Dawa Bora Zaidi

Antibiotiki ni dawa zinazotibu maambukizi yanayosababishwa na bakteria. Haziui virusi, kwa hiyo hazitibu mafua, wala sehemu kubwa ya kikohozi na maumivu ya koo. Kila zinapotumika, huua bakteria walio dhaifu na kuwaacha hai wale wanaoweza kuzihimili. Hao waliobaki huzaliana na kusambaa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na hali hiyo ndiyo inayoitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa katika mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu. Mzigo mkubwa zaidi ulionekana Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara.

Ili kuwasaidia watoa huduma kuchagua dawa inayofaa, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mwaka 2017 mfumo unaojulikana kwa jina la AWaRe, unaozigawa antibiotiki katika makundi matatu. Orodha yake hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Nchini Tanzania, mgawanyo huo umeingizwa katika Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu wa mwaka 2021.

Makundi yenyewe

Kundi la kwanza ni la dawa za kufikiwa na wote, linalooneshwa kwa rangi ya kijani. Dawa hizi hutibu maambukizi mengi ya kawaida, na uwezekano wake wa kuchochea usugu ni mdogo kuliko wa makundi mengine. Miongoni mwake ni amoksisilini, benzilipenisilini, doksisaiklini, jentamaisini, metronidazoli na nitrofurantoini. Zinapaswa kupatikana wakati wote katika vituo vya huduma.

Kundi la pili ni la dawa za uangalizi, lenye rangi ya machungwa. Hapa zimo seftriaksoni, azithromaisini, siprofloksasini, vankomaisini na meropenemu. Dawa hizi huchochea usugu kwa urahisi zaidi, na nyingi kati yake zinahitajika sana kwa wagonjwa mahututi. Zitumike kwa magonjwa mahususi yaliyoainishwa katika mwongozo, na matumizi yake yafuatiliwe.

Kundi la tatu ni la dawa za akiba, lenye rangi nyekundu. Hizi, kama vile kolistini na linezolidi, ni kimbilio la mwisho pale bakteria wanapokuwa sugu kwa dawa nyingine. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii hupoteza nguvu ikiguswa ovyo.

Nje ya makundi hayo, WHO imeorodhesha michanganyiko ya antibiotiki isiyopendekezwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha wa manufaa yake. Mmojawapo ni mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini katika dawa moja, ambao umezoeleka katika maduka mengi ya dawa Afrika Mashariki.

Mfano wa seftriaksoni

Umuhimu wa mgawanyo huu unaonekana wazi katika sindano ya seftriaksoni. Ni dawa yenye thamani kubwa: huokoa maisha ya mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria au maambukizi makali ya damu. Sifa zinazoifanya ipendwe ndizo pia zinazoihatarisha. Kwa kawaida huchomwa mara moja kwa siku, bei yake si kubwa, na wagonjwa wengi huamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Matokeo yake, hutolewa hata kwa maambukizi ambayo yangepona kwa dawa za kundi la kwanza, na wakati mwingine kwa homa isiyotokana na bakteria kabisa.

Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Seftriaksoni huathiri pia bakteria wanaoishi katika utumbo bila kuleta ugonjwa. Wanaosalia ni wale wenye uwezo wa kutengeneza vimeng'enya vinavyovunja dawa hiyo na jamaa zake. Baadaye bakteria haohao wakiingia katika njia ya mkojo, katika kidonda cha upasuaji au katika damu ya mtoto mchanga, seftriaksoni haifanyi kazi tena. Daktari hulazimika kutumia meropenemu, ambayo ni ghali na haipatikani katika vituo vingi. Meropenemu nayo ikishindwa, hubaki dawa kama kolistini, ambayo inaweza kudhuru figo. Hivyo, sindano iliyotolewa bila sababu leo inaweza kumnyima mgonjwa mwingine tiba kesho.

Wajibu wa mtoa huduma

Swali la kwanza si dawa gani itolewe, bali kama antibiotiki inahitajika. Mtoto mwenye kuhara maji bila damu kwa kawaida huhitaji maji yenye chumvichumvi na madini ya zinki, si antibiotiki. Kipimo cha Widal peke yake hakitoshi kuthibitisha homa ya matumbo, na hakipaswi kuwa tiketi ya siprofloksasini.

Inapothibitika kuwa antibiotiki inahitajika, kundi la kwanza litangulie pale mwongozo unaporuhusu. Nimonia isiyo kali kwa mtoto hutibiwa kwa amoksisilini ya kunywa. Maambukizi ya kibofu yasiyo na matatizo kwa mwanamke hutibiwa kwa nitrofurantoini. Kwa upasuaji mwingi, dozi moja ya sefazolini kabla ya kuchanja ngozi hutosha kuzuia maambukizi. Kuendelea kumchoma mgonjwa seftriaksoni kwa siku kadhaa baada ya upasuaji safi hakumwongezei kinga.

Mgonjwa mahututi asicheleweshewe dawa ya kundi la pili anapoihitaji. Sampuli ya damu au mkojo ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza inapowezekana, kisha tiba ipitiwe upya baada ya siku mbili au tatu. Majibu ya maabara na hali ya mgonjwa yakiruhusu, abadilishiwe dawa yenye wigo mdogo au ahamishiwe kwenye vidonge.

Wajibu wa mgonjwa na familia

Mgonjwa anayo haki ya kumuuliza mtoa huduma kama ugonjwa wake umesababishwa na bakteria, kwa nini amechaguliwa dawa hiyo, na aitumie kwa siku ngapi. Asishinikize kupewa sindano. Atumie dawa kama alivyoelekezwa, na arudi kituoni asipopata nafuu badala ya kubadilisha dawa mwenyewe dukani. Vidonge vilivyobaki nyumbani si akiba. Asimpe jirani wala mtoto, wala asivitunze kwa ajili ya homa ijayo.

Lengo la pamoja

Mwezi Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani zitoke katika kundi la kwanza. Lengo hilo halitafikiwa kwa azimio pekee. Zahanati ikiishiwa amoksisilini huku seftriaksoni ikiwa imejaa kabatini, mtoa huduma atatumia kilichopo hata kama anaufahamu mwongozo. Kwa hiyo, uagizaji wa dawa uzingatie makundi haya, maabara ziwezeshwe kuotesha vimelea, na mazungumzo kati ya mtoa huduma na mgonjwa yapewe muda. Dawa inayofaa ni ile inayomponya mgonjwa aliyepo na kubaki na nguvu ya kumponya atakayefuata.