Dawa ya Saratani ya Damu: Vumilia Madhara Lakini Usinyamaze

UKIMWELEZA mkulima wa chai kule Nyamira kwamba ana saratani ya damu, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni kifo. Huwezi kumlaumu. Kwa miaka mingi ugonjwa huo haukuwa na tiba ya kuaminika, na waliougua hawakukaa sana.

Lakini kwa aina moja ya saratani hiyo mambo yamebadilika. Ni ile ambayo madaktari huiita CML, yaani saratani sugu ya damu inayotokana na uboho wa mifupa kutengeneza seli nyeupe kupita kiasi. Chanzo chake kilianza kufahamika mwaka 1960, wakati wanasayansi Peter Nowell na David Hungerford walipogundua kromosomu isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa mjini Philadelphia, Marekani. Baadaye ilibainika kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande. Kosa hilo halirithiwi, wala ugonjwa huu hauambukizi.

Mwaka 2001 dawa ya imatinib, maarufu kwa jina la Glivec, iliidhinishwa nchini Marekani. Ni tembe ya kumezwa nyumbani, na anayeitumia vyema aweza kuishi miaka mingi akifanya kazi zake. Kuanzia mwaka 2002, kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation zilianzisha mpango wa kuwapa dawa hiyo bure wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Hapa Kenya kliniki yake ilikuwa katika Nairobi Hospital. Kwa mtu wa Kisii, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 300.

Basi mtu aliyehangaika hivyo hadi akaipata dawa, kwa nini aiache? Jibu ni madhara ya wiki za kwanza. Mtu alikwenda hospitalini akilalamikia uchovu na uzito upande wa kushoto wa tumbo, kwa sababu ya wengu kuvimba. Ameanza dawa, sasa anaamka uso umefura, anatapika na misuli inamkaza usiku. Jirani anamwambia dawa inammaliza. Mwingine ananong'ona kuwa amerogwa. Hapo ndipo tembe hutupwa kabatini, na mganga wa miti shamba akaitwa.

Ukweli ni kwamba madhara mengi hutarajiwa, na mengi hupungua mwili unapoizoea dawa.

Tuanze na kichefuchefu. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, mara moja. Imezwe pamoja na mlo mkubwa na bilauri kubwa ya maji, si tumbo tupu. Kwa hivyo asiimeze alfajiri kwa chai ya rangi tu na kukimbilia shambani. Bora angoje mlo wa obokima na chinsaga. Akitapika baada ya kumeza, asirudie tembe nyingine siku hiyo. Akisahau, asimeze mbili kesho yake.

Kuvimba macho na miguu hutokana na maji kukaa mwilini. Kupunguza chumvi na kuinua kichwa kwa mto wakati wa kulala husaidia. Mgonjwa ajipime uzito mara kwa mara. Ukipanda ghafla, au akihema kwa shida, aende hospitalini mara moja.

Misuli ikikaza, ainyooshe polepole na kuikanda, na anywe maji ya kutosha. Daktari aweza kupima madini ya damu. Anayeharisha naye anywe maji mengi, na akizidiwa atafute matibabu.

Kuna jambo jingine linalowashtua watu weusi: ngozi huweza kupauka. Mama asisingiziwe kwamba anajichubua. Ni dawa, na rangi aghalabu hurudi dawa ikipunguzwa au kusimamishwa na daktari.

La hatari zaidi halionekani kwa macho. Seli zenye ugonjwa zinapokufa, uboho huhitaji muda kabla ya kutengeneza seli nzuri za kutosha. Katika miezi ya kwanza damu huweza kupungua. Ndiyo maana mgonjwa huitwa kupimwa damu mara kwa mara, hata kila wiki mwezi wa kwanza. Pengine daktari atasimamisha dawa kwa siku kadhaa, kisha airudishe. Huo ni uamuzi wake daktari, si wa mgonjwa wala wa shangazi.

Joto likifika nyuzi 38, familia isidhani tu kwamba ni malaria na kumeza tembe za dukani. Malaria ipo, lakini kwa mtu ambaye seli zake nyeupe zimepungua, homa huenda ikawa maambukizi ya kuua kwa muda mfupi. Apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali iliyo karibu, kama vile hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira, na aeleze dawa anayotumia. Vivyo hivyo akitokwa damu puani au kwenye fizi.

Pia aseme kila dawa nyingine anayomeza. Dawa ya kifua kikuu ya rifampicin na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya imatinib. Tunda la balungi huweza kuiongeza mwilini kupita kiasi. Miti shamba nayo itajwe bila aibu. Mwanamke asishike mimba bila kushauriana na daktari, kwani dawa huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Watu wa nyumbani wanaweza kusaidia pakubwa. Mtoto aliye shuleni aandike katika daftari saa ya dawa, uzito na kila dalili mpya. Nauli ya kliniki itengwe mapema, mauzo ya chai au ndizi yanapoingia, kwa sababu kukosa dawa kwa siku kadhaa hupa ugonjwa nafasi ya kurudi na hata kuizoea dawa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeficha madhara ya dawa naye yumo katika hatari hiyo hiyo. Amwambie daktari yote, naye ataangalia iwapo kipimo kibadilishwe au dawa nyingine itafutwe.