Albamu Nne kwa Kipimo cha Gwaride

Muziki na askari ni ndugu wa siku nyingi. Beni, ngoma iliyotamba katika miji ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, iliiga tarumbeta na mwendo wa bendi za kijeshi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Fundi Konde wa Kenya alikuwa mpigaji katika kikundi cha burudani cha KAR, na baada ya vita gitaa lake likawa mashuhuri nchi hadi nchi. Kwa hiyo si ajabu leo tukiwaletea wanajeshi na polisi wa Uganda maoni yetu juu ya albamu nne zilizotoka kati ya mwaka 2020 na 2023.

Kipimo chetu tumekiazima kwenye uwanja wa gwaride. Askari aliye katika mstari hausikilizi mguu wake peke yake. Husikiliza na mguu wa jirani, ndipo miguu mia ikatoa kishindo kimoja. Siku hizi mtu mmoja mwenye kompyuta aweza kutengeneza ngoma, besi na zumari bila kuonana na mpigaji yeyote. Hilo si kosa. Lakini tulipozisikiliza albamu hizi tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, swali letu lilikuwa moja: je, humu watu wanasikilizana?

Tuanze na Unguja. Mwaka 2020 Siti Muharam alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja. Mwimbaji huyu ni kitukuu cha Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili zilizomtangaza pwani yote. Kitukuu hakujaribu kuiga sauti ya bibi yake mkuu. Anaimba taratibu, na vyombo vya taarabu vinampisha, kisha vinamjibu, kama wazee wanaozungumza barazani bila kukatana kauli. Watayarishaji wameongeza mwangwi na vishindo vya kisasa. Mahali pengine vimependeza, mahali pengine vimezidi, hata neno likapotea. Pamoja na hayo, kwa Kiswahili chake na kwa utulivu wake, albamu hii yafaa kusikilizwa usiku, kazi zimekwisha.

Tuvuke sasa hadi Kinshasa. Fally Ipupa, aliyekuwa katika bendi ya Quartier Latin ya Koffi Olomidé kabla ya kuanza kujitegemea mwaka 2006, alitoa Formule 7 mwezi Desemba mwaka 2022. Mwaka mmoja kabla ya hapo UNESCO ilikuwa imeitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, na albamu hii yaonyesha kwa nini. Wimbo huanza kwa upole, sauti zikipandana. Halafu hufika sebene, ambapo gitaa moja hushika njia na jingine hucheza pembeni yake bila kugongana. Hapo ndipo kikosi kilipo. Kasoro yake ni wingi. Nyimbo ni zaidi ya 20, na kama ilivyo desturi ya Kinshasa, majina ya wafadhili hutajwa mno. Jemadari mwema hajui kuwapanga watu tu. Ajua pia nani abaki kambini.

Upande wa bongo fleva, Diamond Platnumz wa Tanzania alitoa First of All mwezi Machi mwaka 2022. Ni albamu fupi ya nyimbo 10, na vishindo vingi vimeazimwa kutoka amapiano ya Afrika Kusini. Kwa kantini siku ya Jumamosi, haina mpinzani: miguu haikai. Mbosso na Zuchu wamekuja kusaidia kuimba, na sauti zao zimempa mwenyeji changamoto njema. Lakini chini ya sauti hizo mashine ndiyo inayopiga, nayo haimsikilizi mtu. Ndiyo maana wimbo Nawaza, uliotulia kuliko nyingine, ndio uliotukaa moyoni.

Tumeiacha ya nyumbani iwe ya mwisho kwa makusudi. Mwaka 2023 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya kikundi cha Nakibembe kutoka Busoga. Kikundi hiki hupiga embaire, yaani marimba makubwa ya magogo yanayolazwa juu ya migomba, na chini yake huchimbwa shimo ili sauti ipate kuvuma. Watu kadhaa huketi pande mbili na kupiga kwa pamoja. Pigo la mmoja huangukia katika nafasi aliyoiacha mwenzake. Ukimwondoa mmoja, wimbo unatoboka. Mgeni atadhani anasikia mvua juu ya mabati. Akivumilia kidogo, atausikia wimbo ndani ya mvua hiyo. Kwa kipimo chetu, hii ndiyo albamu iliyoshinda.

Wala ushindi huo si wa sifa tupu. Ala ya namna hii haiwezi kurithiwa na mtu mmoja. Hurithiwa na kijiji. Busoga hiyohiyo ina bigwala, pembe za vibuyu ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hata wimbo ukamilike lazima wapuliza wote wawepo. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wajuzi walikuwa wamebaki wachache.

Nasi askari tuna somo letu la pekee. Mwezi Mei mwaka 1966 jeshi la serikali ya wakati ule liliposhambulia kasri ya Kabaka huko Mengo, ala za kifalme ziliharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zote zikafutwa, nazo hazikuanza kurudishwa hadi mwaka 1993. Risasi hazikulengwa kwa ngoma, lakini ngoma zilinyamaza. Kasri lilijengwa upya. Mikono iliyojua kupiga pamoja haikupatikana kwa matofali.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa jeshi na polisi, chezeni sebene na amapiano, maana furaha ni haki ya mtu aliyekesha lindoni. Lakini mnapokwenda likizo, yule wa Busoga na yule wa Acholi, yule wa West Nile na yule wa Ankole, waulizeni wazee ni ala gani kijijini inayohitaji watu wengi ili ilie, kisha ketini katika nafasi iliyo wazi. Mmezoea kuhesabu hatua pamoja. Hamtakuwa wageni hapo.