Kiima na Kiarifu katika Namba za Hitilafu za Injini: Mfano wa Mitambo ya Barabara Mjini Bunia

Makala haya yanahusu namna ya kusoma namba ambazo kompyuta ya injini huzionyesha pale kihisi cha mtambo wa ujenzi kinapoleta habari isiyotarajiwa. Suala hili huonekana kuwa la karakana tu. Hata hivyo, baadhi ya makosa ya gharama kubwa yanayofanyika humo ni makosa ya kusoma, wala si ya mkono. Bunia ni mfano mzuri. Greda, tingatinga na ekskaveta zinazofanya kazi kwenye Barabara ya Taifa namba 27, kati ya Komanda na Mahagi, au katika njia za machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu, hupambana na vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Vumbi na maji ni maadui wakubwa wa viungio vya nyaya, na kipuri kisichopatikana mjini hubidi kiagizwe kutoka Kampala au mbali zaidi.

Jina kihisi, lililoundwa kutokana na kitenzi hisi, hupotosha kidogo. Kifaa hicho hakihisi kitu. Hugeuza shinikizo au joto kuwa volti. Kihisi cha shinikizo kwa kawaida kina nyaya tatu: mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni wa hasi, na wa tatu hurudisha ishara. Shinikizo likiwa dogo, ishara hukaribia nusu volti. Likiwa kubwa, hukaribia volti 4.5. Ishara ikivuka mipaka hiyo, kompyuta hutambua kwamba haisomi tena shinikizo, bali kasoro ya umeme.

Injini nyingi za mitambo ya leo hufuata utaratibu wa J1939, uliotungwa na shirika la SAE la Marekani. Katika utaratibu huo namba ya hitilafu ina sehemu mbili, nazo zaweza kufananishwa bila taabu na kiima na kiarifu. Ya kwanza, SPN, hutaja jambo linalozungumziwa: 100 ni shinikizo la mafuta ya injini, 110 ni joto la maji ya kupoozea, 190 ni mwendo wa injini. Ya pili, FMI, hueleza lililotokea kwa jambo hilo. FMI 3 husema volti imezidi. FMI 4, volti imepungua. FMI 2, habari zinayumba. Lakini FMI 0 na FMI 1 ni za jamii nyingine kabisa. Hizo husema kwamba habari ni sahihi, ila kipimo chenyewe kimepanda mno au kimeshuka mno.

Hapa ndipo penye hatari. Fundi anayesoma kiima peke yake huona 100 na kutamka kwamba kihisi cha mafuta kimekufa. Ikiwa kiarifu ni 4, pengine amesema kweli, ingawa waya uliochubuka ungeleta namba ileile. Ikiwa kiarifu ni 1, kihisi ni kizima na kinasema kweli: mafuta hayafiki kwenye beringi. Kubadilisha kihisi, au kukichomoa ili taa izimike, ni kumnyamazisha shahidi. Njia ya busara ni kuzima injini, kupima kiasi cha mafuta, kisha kufunga geji ya kawaida isiyotumia umeme ili kulinganisha.

Kiswahili cha Bunia, ambacho baadhi ya waandishi wa zama za ukoloni walikiita Kingwana, huongeza utata wake. Neno mafuta hubeba ya injini na ya kuchomwa pia. “Shinikizo la mafuta” laweza kuwa SPN 100, au SPN 94, yaani shinikizo la dizeli iendayo kwenye injini. Kwa dizeli wasemaji wana neno mazutu, kutoka Kifaransa, nalo lastahili kutumiwa katika taarifa za karakana pasipo haya. Msamiati wa mkopo unaotofautisha ni bora kuliko wa asili unaochanganya.

Jambo la pili ni wakati wa kitenzi. Kompyuta hutenga hitilafu zilizo hai na zile zilizopita zikahifadhiwa, na aghalabu huhesabu zimetokea mara ngapi. Tofauti hiyo Kiswahili kinayo tayari katika -na-, -li- na hu-. Taarifa isemayo “ishara hupotea” humtuma fundi atikise nyaya na kukagua kutu ndani ya viungio. Isemayo “ishara ilipotea” yaweza kuhusu siku ambapo mtu alichomoa kiungio injini ikiwa imewashwa. Vihisi vitatu vikilalamika kwa pamoja, si rahisi kuwa vyote vimeharibika siku moja. Mara nyingi vinashiriki volti 5 zilezile, na mmoja wao amezishusha.

Katika kuchunguza kihisi cha joto, chenye nyaya mbili, lipo jaribio lisilohitaji kipuri. Tuseme namba ni 110 na kiarifu ni 4. Kiungio kikichomolewa, kiarifu chapaswa kugeuka kuwa 3, kwa kuwa volti hupanda mkondo unapokatika. Kikigeuka, nyaya na kompyuta ni salama, na kihisi ndicho chenye shoti. Kikibaki 4, shoti imo kwenye nyaya, na kihisi kipya hakitasaidia chochote.

Kwa kihisi cha shinikizo la hewa iingiayo kwenye injini, kinachopima kuanzia sifuri kamili, mahali penyewe huwa kipimo. Injini ikiwa imezimwa na swichi imefunguliwa, namba inayoonekana yapaswa kuwa ya hewa ya mji. Vitabu hutoa takriban kilopaskali 101, lakini hiyo ni ya usawa wa bahari. Bunia iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na hapo kihisi kizima husoma karibu 87. Kinachosoma 101 mjini Bunia ndicho cha kutiliwa shaka.